Mwaka Nilioandika Sifuri

Old Moshi, jioni

Mkunde mwanangu,

Hali yako sina haja ya kuiuliza. Nakusikia hapo jikoni unabishana na baba yako kama lile begi jekundu litaingia kwenye buti la basi au utalipakata mpaka Mwanza. Kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Barua hii nitaitia kwenye bahasha ya vyeti vyako, chini ya nguo, maana najua bahasha hiyo hutaifungua mpaka ufike. Isome ukiwa umeketi na umekula.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia tangu unatambaa, na kama hayajaingia hayataingia leo. Nataka kukuambia mambo mawili niliyokudanganya, na mwaka mmoja ambao mama yako, huyu unayemwita mkali, alifyata mkia.

Nakuandikia kwa sababu unakwenda kujiajiri. Fundi wa majokofu, wewe na mwenzako Neema, chumba chenu, kibao chenu mlangoni. Hutakuwa na bosi. Watu wa usharika wamekusifu Jumapili na mimi nimekaa pale nimejaa kama unga uliotiwa hamira. Lakini asiye na bosi hana wa kumlipia hospitali, na hana wa kumjazia fomu za kodi. Hapo ndipo mimi nilipopigwa.

Unakumbuka kidogo nilipokuwa kiwandani. Nilikuwa navaa koti la bluu na kushuka mjini kabla hamjaamka. Tukiugua, mimi au ninyi, tulikwenda zahanati ya kiwanda, naandika jina langu kwenye daftari, tunapewa dawa tunarudi nyumbani. Kodi ilikatwa kwenye mshahara hata sijaiona. Sikuwahi kujiuliza nani anapiga hesabu hizo. Kisha wakatuita uwanjani wakatusomea majina. Kiwanda kimeuzwa, mwenye mali mpya anataka watu wachache. Jina langu lilisomwa. Mama mmoja niliyesimama naye alianguka pale pale. Mimi sikulia. Nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Majengo kumwona mama mmoja aliyekuwa anahamia Nairobi na kuuza mashine yake ya kufumia sweta. Kiinua mgongo changu kikaishia pale, kikanunua mashine na kodi ya chumba ya miezi mitatu.

Wewe unajua sweta zangu, umezivaa, umezichukia. Kijani za shule ile, bluu za shule hii. Baridi ya huku milimani ilinilisha. Lakini miaka hiyo hiyo hospitali nazo zilianza kutoza. Kila kitu kikawa na dirisha lake la malipo: faili, kipimo, bomba la sindano, hata pamba. Mafundi wa Majengo tukawa tunachangishana kila mtu anapolazwa, mpaka tukachoka. Ndipo Bwana Shabani, fundi viatu aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, akatukusanya.

"Jamani," alisema, "tukingoja mtu augue ndipo tutafute hela, tutazikana mmoja mmoja. Tuchange tukiwa wazima."

Tukaanzisha mfuko wa matibabu. Tulikuwa watu kama thelathini: washonaji, wachomeleaji, maseremala, mimi na mashine yangu. Kila mwenye familia alipata kadi, na kila mwezi aliyelipa aligongewa muhuri. Ukifika hospitali na kadi yenye mihuri unatibiwa, mfuko unalipa. Na tuliweka utaratibu nilioupenda sana, maana mimi ndiye niliyeupendekeza: kila mtu achangie sehemu moja ya kumi ya kile kinachobaki mkononi mwake baada ya kodi. Aliyepata kidogo achangie kidogo. Mwisho wa mwaka unaleta karatasi yako ya kodi, mnapiga hesabu, kama umepunguza unaongeza.

Wakati ule malaria ilipokupanda kichwani, ukawa unamwita bibi yako aliyekwisha kufa, ni kadi hiyo iliyokulaza. Sikushika hata shilingi. Nilionyesha kadi, wakakuchukua.

Sasa nikueleze habari ya kodi, na usirukie ukurasa. Najua hesabu hazikupi shida, na shida yenyewe haikuwa hesabu.

Wengi wa Majengo walikuwa wanakadiriwa tu. Ofisa anapita, anatazama mlango wako, anaandika kiasi. Mimi nikaamua kuweka vitabu. Nilikuwa na daftari la mauzo, la nyuzi, la pango, la umeme. Wakatuambia kwamba anayeweka vitabu mchango wake wa matibabu unaondolewa kwenye faida kabla kodi haijatozwa. Nilifurahi. Nilisema, safi, mara hii serikali imemkumbuka mtu asiye na mwajiri.

Mwaka ule ofisi ya kodi ikaletewa kompyuta. Tulipanga foleni kuitazama kama bibi harusi. Karani alikuwa mtu wa heshima, shati jeupe, sauti ya chini. Akachukua daftari langu akaanza kuandika. Faida yangu ya mwaka ilikuwa laki sita. Akaniuliza, "Mchango wa matibabu?"

Nikamwambia, "Mchango naujua nikishajua kodi. Ni sehemu ya kumi ya kinachobaki."

"Basi kwa sasa tuandike sifuri," akasema. Mashine ikatoa karatasi: kodi laki moja na elfu ishirini, sehemu moja ya tano ya faida.

Nikaipeleka kwa Bwana Shabani. Tukapiga: mchango wangu ni elfu arobaini na nane. Akaniandikia stakabadhi. Nikairudisha ofisini. Karani akaandika elfu arobaini na nane, karatasi mpya ikatoka: kodi laki moja, elfu kumi na mia nne. Nikashukuru Mungu. Lakini kodi ikipungua, kinachobaki mkononi kimeongezeka, na mchango nao unaongezeka. Bwana Shabani alikuwa mtu wa haki. Akaniambia, "Dada, sasa ni elfu arobaini na nane mia tisa sitini." Akaandika stakabadhi ya pili. Nami, mjinga wa ukweli, nikairudisha ofisini badala ya kukaa kimya.

Mara ya tatu karani hakutabasamu. Aliandika, akabonyeza, karatasi ikatoka: laki moja, elfu ishirini na tisa, mia saba tisini na mbili. Na chini yake faini, kwa sababu nimeleta taarifa zinazopingana.

Nikamwambia, "Bwana, kodi imepanda. Nimechangia zaidi, kodi imepanda?"

"Ndivyo kompyuta ilivyosema, mama."

"Mara tatu imesema mambo matatu."

"Kompyuta haina ndugu wala adui. Haikosei. Tatizo ni huo mchango wako." Akainama kidogo, akawa kama ananionea huruma. "Mama, nikushauri. Uachane na habari za mchango. Andika sifuri, hesabu inanyooka, faini naifuta, unakwenda zako."

"Naweza kuandika sifuri huku nachangia?"

"Hapana. Huo utakuwa uongo. Kama ni sifuri iwe sifuri kweli."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mtu mmoja aliguna. Mwingine alisema, "Mama zetu hawa, kompyuta wataiweza wapi." Na mimi, Mkunde, mimi niliyesimama uwanjani kiwandani bila kutoa chozi, niliona haya. Niliona haya kusema sijaelewa. Nilichukua kalamu nikaandika sifuri, nikasaini.

Jioni ile nilikwenda kujitoa kwenye mfuko. Bwana Shabani aliacha kiatu alichokuwa anashona.

"Dada, umekwazwa na nani?"

"Sikukwazwa na mtu. Biashara imebana."

"Ukitoka leo, siku ukirudi kuna miezi mitatu ya kungoja kabla kadi haijafanya kazi. Unajua. Tuliandika pamoja."

"Najua."

Sikumwambia baba yako. Kadi niliiacha palepale ilipokuwa, kwenye kikombe kabatini, kama kwamba bado ina maana.

Sasa nafika kwenye uongo wangu.

Wewe unajua kwamba baba yako alipoumia jicho alikataa kwenda hospitali kwa ukaidi wake. Umemtania kwa hilo miaka yote hii. Juzi tu ulimwambia, "Baba, wewe na hospitali kama paka na maji." Akacheka. Mimi niligeuka nikaosha sahani iliyokuwa safi.

Hakukataa. Ni mimi niliyemzuia.

Ilikuwa karibu mwaka mzima baada ya ile sifuri. Alikuwa anapogoa kahawa kule juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, tawi likamponyoka likamchapa. Alirudi ameshika jicho kwa kitambaa, akasema, "Nadhani twende hospitali." Alisema wazi kabisa, kwa maneno hayo. Nikamwambia, "Ngoja lipoe kwanza." Nikaliosha kwa maji ya chumvi. Siku ya pili likavimba. Akasema tena, "Mama Mkunde, si tuna kadi?" Nikamwambia foleni ni ndefu, nikaenda duka la dawa mjini nikanunua matone bila kuandikiwa na daktari. Siku ya nne weupe ukaanza kutanda. Siku ya sita hakulala. Kila asubuhi nilikuwa napiga hesabu kichwani: faili, daktari, vipimo, kitanda. Na kila asubuhi niliona nikimwambia kwamba hatuna kadi itabidi nimwambie kwa nini, kwamba niliaibishwa mbele ya foleni nikasaini nisichokielewa. Siku tisa, Mkunde. Nilimtia baba yako matone ya dukani siku tisa kwa sababu ya haya yangu.

Siku ya kumi tukaenda. Dada wa dirishani akasema, "Kadi?" Nikanyamaza. Baba yako alinigeukia, jicho moja limefungwa, jingine linanitazama. Aliingiza mkono mfukoni akatoa hela aliyokuwa nayo, ya dawa za kahawa, akaiweka dirishani.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alisema, "Mmekawia. Mngekuja siku ya kwanza au ya pili tungeliokoa." Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu.

Na uongo wa pili ni ng'ombe. Yule mweusi, Sikitu. Ulirudi kutoka shule ukakuta zizi tupu, nikakwambia tumemuuza kwa ajili ya ada yako. Ulikwenda ukakaa zizini peke yako. Tangu siku hiyo ukawa unasoma kama mtu anayefukuzwa, na kila ukikosea jambo unasema, "Na ng'ombe mliuza kwa ajili yangu." Ulisema hata mwezi jana, ulipokuwa unaogopa kwenda Mwanza. Hapana, mwanangu. Sikitu alilipa kitanda cha baba yako na upasuaji ambao haukurudisha kitu. Ada yako ilitoka kwenye sweta kama kawaida. Huna deni la ng'ombe. Nilikubebesha mzigo wangu kwa sababu ulikuwa karibu na hukuweza kuuliza maswali. Hilo naliombea radhi, na silizungushi.

Nilikaa wiki tatu kama mtu aliyepigwa nyundo. Kisha siku moja ulikuwa kidato cha pili, umekaa hapa hapa unapiga pasi sare. Zile karatasi tatu za kodi zilikuwa mezani, nilikuwa nafungia vitumbua. Ukaichukua ya tatu ukasoma, maana ilikuwa kwa Kiingereza, na wewe ulikuwa unasoma kila chenye Kiingereza.

"Mama, mbona mchango wamejumlisha?"

"Wamejumlisha vipi?"

"Hapa. Neno hili ni jumlisha. Kwenye karatasi ya pili ni toa. Hii ya tatu wamechukua laki sita wakaongeza mchango juu yake."

Uliendelea na pasi yako. Hukujua ulichofanya. Mimi nilihisi damu imenirudi mwilini. Kompyuta haina ndugu wala adui, sawa, lakini mtu aliyeijaza alikosea kisanduku, akanitishia faini kwa kosa lake, akaniambia mimi ndiye tatizo. Nami nikamshukuru nikaondoka!

Nilichukua karatasi ya kukatia vipimo vya sweta nikaanza kuhesabu. Nilitaka kuona je, hata bila lile kosa, hesabu hii ina mwisho? Maana mchango unataka kwanza kuijua kodi, na kodi inataka kwanza kuujua mchango. Karani alisema hesabu hainyooki mpaka mchango utoke. Nikaanza na sifuri, kama yeye. Kodi laki moja na ishirini. Mchango arobaini na nane. Kodi tena: laki moja, elfu kumi na mia nne. Mchango tena, kodi tena: laki moja, elfu kumi, mia mbili na nane. Tena: laki moja, elfu kumi, mia mbili na nne. Tena: mia mbili na nne. Tena: ile ile. Ilikuwa imetulia. Kila mzunguko ulipunguza tofauti, kutoka maelfu kwenda mamia, kutoka mamia kwenda shilingi nne, kisha hapana tofauti. Nilizunguka mara tano kwa kalamu ya risasi. Mashine yenye thamani ya nyumba yangu ilizungushwa mara moja ikaachwa.

Nililia basi. Siku ile ndipo nilipolia. Jicho la mtu lilikwenda kwa jambo ambalo lingemalizika kwa nusu saa, kama ningethubutu kusema mbele ya foleni, sijaelewa, nieleze tena.

Asubuhi nilivaa vitenge vyangu vya kanisani nikashuka mjini. Karani alinikumbuka.

"Mama, ya kwako si tuliimaliza?"

"Wewe uliimaliza. Mimi sijaielewa. Nieleze."

"Kuna watu wanangoja."

"Nami nangoja. Nieleze neno hili." Nikaweka kidole.

Alisoma. Akasoma tena. Nyuma mtu akaanza kuguna, nami nikageuka nikamwambia, "Guna vizuri baba, ukimaliza lete na karatasi yako tuitazame." Karani akasema mambo haya ni ya mfumo, yeye hana mamlaka. Nikamwambia aniitie mwenye mamlaka. Akasema mkuu yuko kikaoni. Nikaketi kwenye benchi nikatoa sindano na uzi nikaanza kufuma kwa mkono. Nilifuma mkono mzima wa sweta ya mtoto wa darasa la pili pale ofisini.

Mkuu alitoka mchana, mama wa makamo mwenye miwani. Nikamwamkia, nikamtandikia ile karatasi ya vipimo. Alianza kusoma amesimama, kisha akaketi kando yangu. Akachukua kalamu akazunguka mwenyewe. Alipofika mia mbili na nne mara ya pili akavua miwani.

"Nani amekufanyia hii?"

"Mimi."

"Umesoma hesabu wapi?"

"Darasa la saba, Old Moshi. Na kwenye sweta. Kifua kisipolingana na mgongo mzazi anairudisha."

Hakucheka. Alisema, "Umeonewa. Nafuu utaipata mwakani."

"Andika," nikamwambia.

"Nimekuahidi, mama."

"Na kompyuta iliahidi. Andika, gonga muhuri, ndipo niondoke."

Akavaa tena miwani yake. Kisha akaandika.

Sitaki udhani kwamba walipiga magoti. Kilichonirudia kilikuwa kidogo, hakikununua hata mguu wa Sikitu. Lakini nilirudi kwa Bwana Shabani nikamweleza yote, mbele ya wenzangu, na jicho nikalitaja. Nikalipa mchango, nikangoja miezi mitatu yangu kama mtu yeyote. Na mwaka uliofuata tulikwenda ofisini watu kumi na tisa kwa pamoja, kila mmoja na mizunguko yake imeandikwa kwenye karatasi. Karani yule yule alikuwepo. Alipotuona alivuta kiti akasema, "Haya, mizunguko mingapi?" Fundi seremala akamwambia, "Mpaka itulie, bwana." Tukakaa mpaka ikatulia, mtu kwa mtu.

Watu wengine walisema nimekuwa mgomvi. Mchungaji mwenyewe aliniita akaniuliza kama kuna haja ya kugombana na ofisi. Nilimwambia, mchungaji, kwa kelele nilizopiga sitatubu. Natubu kwa mwaka niliokaa kimya, na huo nimeshautaja.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, lakini sasa hivi baba yako ameingia. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia, namweleza Mkunde habari ya jicho, ukweli wake. Akasimama pale mlangoni.

"Umemwandikia kwamba sikujua?"

"Hukujua. Ulijulia dirishani."

Akatikisa kichwa. "Nilijua siku ya tatu. Nilikwenda kabatini kutafuta kadi nikaona mihuri imekatika mwaka mzima."

Kalamu imeniponyoka, utaona wino hapo.

"Na ukanyamaza?"

"Niliona umeshindwa kusema. Nikasema nikikuuliza nitakuaibisha. Nikangoja useme mwenyewe."

Mkunde, nimekaa naye miaka yote hii na sikujua. Mimi nilinyamaza kwa haya, yeye akanyamaza kwa kunipenda, na jicho likafa katikati yetu. Nimemkasirikia kama nilivyomkasirikia karani. Nimemwambia, "Ungenipigia kelele!" Akasema, "Ungenipigia kelele wewe." Tumetazamana, kisha tumecheka mpaka wewe umeita kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Tumekujibu hakuna kitu. Huo ni uongo wa tatu, nao nimeuandika hapa ufutike.

Basi nikwambie ninachokijua. Ukipewa karatasi usiyoielewa, usiisaini. Waambie hujaelewa. Wakikueleza na bado hujaelewa, sema tena, hata kama nyuma yako wanaguna, hata kama aliye mbele yako ana mashine na shati jeupe. Mashine hujazwa na mtu. Mchango wa matibabu yako usiuache hata mwezi mmoja, hata friji zote za Mwanza zikipona siku moja ukakosa kazi. Na Neema akinyamaza ghafla juu ya hela au juu ya mwili wake, usimsitiri. Muulize mpaka akuchukie kidogo.

Utakosea. Wewe ni mtoto wetu, utakosea kwa kichwa kigumu na kwa moyo mweupe, vyote kwa pamoja. Siku hiyo usingoje mpaka upate jibu ndipo uniandikie barua nzuri. Niandikie ukiwa bado hujui, kwa mwandiko mbaya, ukurasa nusu. Niandikie hata neno moja tu, kwamba umekwama. Nitapanda basi.

Mimi mama yako,
Eliaichi